Faridah binti Abdallah na Kitabu cha Kaseti Tisa

Huyu ni Faridah binti Abdallah bin Iliasi, mzaliwa wa Kasongo, na ukoo wake hautajwi kwa majina matupu, hutajwa kwa kazi. Iliasi, babu yake, zama za pamba ya lazima ya Wabelgiji, mashamba yalipopimwa kwa kamba na mpunga ukaambiwa usubiri, alishona mbegu za mpunga ndani ya godoro akazilalia miaka miwili, na mtaa mzima baadaye ukala wali uliotoka kwenye godoro lile. Abdallah, baba yake, alikuwa karani. Ulipokuja uasi wa mwaka wa sitini na nne alipakia vitabu vya majina ya watu juu ya baiskeli, akavifunika kwa majani ya muhogo, yale ya sombe, akaisukuma siku tisa mpaka Kabambare, na hakuna ukurasa uliolowa. Mama yake, Mwamini, alizalisha wanawake katika vita vitatu, majumbani, mashambani, na mara moja ndani ya mtumbwi pale Nyangwe, wapiga kafi wamegeuza nyuso upande wa pili kwa heshima. Hao ndio waliomtangulia. Asije mtu akasema Faridah aliokota ujasiri wake njiani. Alizaliwa nao, kama mtu anavyozaliwa na kidevu cha ukoo.

Yeye mwenyewe hakuzalisha hata mara moja. Damu ilimtia kizunguzungu, na mama yake alimcheka kwa hilo mpaka anaingia kaburini. Kazi ya Faridah ilikuwa kuandika. Katika Nyumba ya Uzazi ya Mapendano, kila alipozaliwa mtoto, Dieudonnée mzalishaji alitoa kichwa dirishani na kumwita kwa jina la dada mkubwa, "Yaya Faridah, andika! Mwanaume, kilo tatu na nusu, na ana kelele kama baba yake!" Faridah aliandika jina la mama, jina la baba, siku, saa, uzito, na alama yoyote ya mwilini. Kelele hakuziandika.

Mwanzoni aliandika kwenye madaftari. Halafu wakaja wageni wa mradi, mwaka wa elfu mbili na kumi na moja, wakaleta mashini nyeusi ya kompyuta yenye kimo cha kabati, wakatandika vioo vya jua juu ya bati, wakamfundisha wiki mbili. Ndani ya mashini waliweka programu ya kuhifadhi, ile ambayo makampuni makubwa huitumia. Kazi yake ni hii: kila Ijumaa inachukua majina yote yaliyomo, inayaandika juu ya kaseti nene kama sabuni ya kipande, ili siku mashini ikifa majina yasife pamoja nayo. Kaseti zilikuwa tisa. Na pamoja nazo kilikuja kitabu cha maelekezo, gamba la manjano, kizito kama tofali. Wageni walikiweka juu ya rafu, wakaagana na watu, wakaenda zao.

Faridah alikaa miaka mitatu akihamisha madaftari yote ya zamani kuyaingiza kwenye mashini, jina kwa jina. Alipomaliza, mchwa walikuwa wamekwisha kuanza kula madaftari. Kamati ya nyumba ya uzazi ikauliza, tuyafanye nini? Akasimama mbele yao akasema, "Chomeni. Yote iko ndani ya mashini. Likitokea neno, mie ndiye ninajibu." Yakachomwa. Yakumbukwe maneno hayo, maana watu wa Kasongo hawakuyasahau.

Radi ilipiga mchana wa siku ya Alhamisi, mwezi wa Shaabani. Ilishuka kwa mlingoti wa antena, ikafuata waya, ikaingia ofisini kama mtu mwenye ufunguo. Faridah alikuwa mlangoni. Alisikia mlio mmoja tu, halafu harufu ya nywele zilizoungua. Mashini ilikufa. Watoto elfu tisa mia nne na kumi na wawili walikuwa ndani yake.

Mwaka huo shule zilidai kila mwanafunzi wa mtihani alete uthibitisho wa kuzaliwa. Wazazi walipanga msururu kutoka mlango wa nyumba ya uzazi mpaka barabarani. Siku ya kwanza walimpa pole. Siku ya tatu walianza kumwita Mama Mashini. Siku ya tano mwanamke mmoja aliyejifungulia pale mara sita alimwambia mbele ya watu wote, "Ungetuachia mchwa, Mama Mashini. Mchwa wanabakishaka angalau pembe ya ukurasa." Faridah akarudi kwenye kiti chake.

Fundi alitoka Kindu, kijana mwembamba jina lake Aristote, mashini mpya imefungwa nyuma ya pikipiki kwa mpira. Aliiwasha, akaweka programu ile ya kuhifadhi kutoka kwenye diski yake ya zamani, akapanga kaseti tisa mezani. Halafu akakaa akizitazama kama mtu aliyekaribishwa ugali asioujua.

"Nini tena?" Faridah akauliza.

"Mama, inaniuliza maswali. Nikiijibu vibaya inaweza kuzipangusa kaseti zote. Kuna utaratibu wake, na utaratibu iko ndani ya kitabu yake."

"Tafuta kwenye simu yako. Vijana munapata kila kitu mule."

"Nimetafuta toka Kindu. Kampuni iliyotengeneza ilinunuliwa na ingine, na ile ingine ikamezwa na ingine. Ukurasa wa kitabu umefutwa. Nimewaandikia. Unajua walijibu nini? Eti programu hii imezeeka, tununue mpya."

"Na mpya itasoma hizi kaseti?"

"Hawakusema."

Papa Célestin, mwenyekiti wa kamati, alikuwa amesimama mlangoni, mikono nyuma. Ni mtu mwema, lakini anapenda jambo liishe. "Leo ni Jumanne," akasema. "Jumamosi asubuhi Aristote anarudi Kindu. Siku ile nitatia sahihi ya kwamba majina yamepotea, na tutaanza kitabu kipya kwa namba moja."

"Namba moja? Na hao elfu tisa?"

"Wataenda kortini, kila mutu na mashahidi wake, wakaombe hukumu ya kuzaliwa."

"Papa Célestin, mutoto wako wa mwisho alizaliwa hapa. Shahidi wake atakuwa nani? Wewe siku ile ulikuwa Lusangi unachimba madini."

Watu wa msururu wakacheka. Papa Célestin naye akacheka, lakini hakubadilisha siku. "Jumamosi, Mama Faridah. Ulisema wewe ndiye unajibu."

Basi Faridah akaanza kutafuta kitabu. Rafu alikwisha kuipekua mara tatu. Alichokijua ni kwamba kitabu kilikuwapo kabla ofisi haijapakwa rangi, miaka minne nyuma, na kwamba baada ya rangi hakukiona tena, wala hakukihitaji, maana mashini ilikuwa nzima. Mtu humkumbuka mganga siku anapougua. Wakati wa rangi vitu vyote vilitolewa barazani, na Papa Célestin alikumbuka kwamba karatasi zisizo na kazi ziliuzwa sokoni kwa wauza karanga.

Faridah akaenda sokoni jua likiwa utosini. Mama Marie, anayekunja karanga kwenye karatasi tangu ujana wake, alimsikiliza bila kusimamisha vidole.

"Kitabu yenyewe iko namna gani?"

"Gamba la manjano. Nzito."

"Gamba sikuuliza. Karatasi yake?"

"Nyembamba. Inang'aa kidogo."

"Inang'aa? Basi haikupita hapa. Karatasi ya kung'aa haishike mukunjo, karanga zote zinakwenda chini na muteja anakwenda kwa jirani. Mie siwezi kununua takataka ile." Akampa karanga za bure, akaangalia vumbi la miguuni mwake, akaongeza, "Mama Faridah, umeuliza mwenye ofisi na umeuliza mwenye soko. Mwenye ofisi anajua kitu kiliwekwa wapi. Mwenye kufagia ndiye anajua kilikwenda wapi."

Faridah akajipiga kwenye paja. Bibi Subira!

Bibi Subira alifagia nyumba ya uzazi miaka kumi na saba, akaacha kazi magoti yalipomkataa. Anakaa karibu na msikiti, nyumba yenye mlango wa buluu. Faridah alimkuta anachambua mchele, akamwamkia kwa adabu, akakaa mkekani, akaeleza habari ya kitabu cha mashini.

"Kitabu cha mashini sikukiona mie," akasema Bibi Subira. "Siku ile ya rangi nililookota ni buku la maandishi matukufu."

"Maandishi gani, Bibi?"

"Ya Kiarabu. Lilikuwa limelala kifudifudi barazani juu ya saruji, mvua imeanza, upepo unafunua kurasa, na wapaka rangi wanaliruka na viatu vyao. Mwanangu, mwili ulinisisimka. Nikavua mtandio wangu nikalifunika."

Faridah akakumbuka siku ya kwanza wageni walipomwonyesha kitabu: mbele kulikuwa na Kifaransa, katikati Kiingereza, na ukikigeuza, ukikifungua kwa nyuma, Kiarabu. Kampuni kubwa huuza dunia nzima. "Bibi, gamba lake lilikuwa rangi gani?"

"Manjano."

"Sasa liko wapi?"

"Ah, nyumbani kwangu bati linavuja, singeweza kuliweka. Nilimpa kaka yangu Mwalimu Yassine, alipokuja matangani. Aende nalo kwake Wamaza, alitie kwenye sanduku la karatasi."

Hapo Faridah hakuhitaji maelezo. Kila mtoto wa nyumba za Kiislamu za Kasongo anajua desturi ile. Karatasi yenye herufi zile haitupwi wala haifungiwi karanga, huenda ndani yake limo Jina la Mungu. Zilizochakaa hukusanywa sandukuni, na sanduku likijaa, mwalimu huzizika kwa heshima mahali pasipopita miguu.

"Anazika lini, Bibi?"

"Shaabani, kabla ya mfungo."

"Shaabani ya mwaka gani?"

"Kila mwaka. Na hii tuko ndani yake pia."

"Bibi Subira, umeniua!"

"Mie? Nimekusitiri! Ningeliacha likanyagwe na wapaka rangi, Faridah binti Abdallah? Mama yako Mwamini angefanya nini?"

Faridah alijua kwamba mama yake angefanya vilevile, tena angewapiga wale wapaka rangi kwa ufagio.

Jumatano alfajiri alipanda pikipiki ya Yves, mtu mzima mwenye watoto wanne, wote wanne wamo kwenye kaseti. Yves alikataa kupanga bei. "Mama, ukirudi na wangu wote wanne, tutazungumza." Aristote aliwasindikiza mpaka barabarani huku anatikisa kichwa. "Nimesoma informatike miaka mitano," akasema, "na hakuna mwalimu aliyenifundisha kwamba kitabu cha programu kinaweza kuzikwa na mashehe."

"Wewe linda kaseti," Faridah akamjibu. "Usiguse hata moja mpaka nirudi."

Njia ya Wamaza wakati wa mvua si njia, ni mashauriano. Pikipiki inataka kushoto, tope linataka kulia, na abiria anataka kurudi kwao. Mahali pa magogo mawili juu ya kijito Yves akasema, "Mama, funga macho."

"Nikifunga macho, nani atawaeleza watu ulivyoanguka?"

Walivuka. Walilala kijijini kwa shemeji ya Yves, wakaendelea asubuhi, na Alhamisi mchana wakaingia Wamaza. Faridah aliuliza nyumba ya Mwalimu Yassine, akaelekezwa nyuma ya msikiti. Na huko nyuma aliwaona wanaume watano wanarudi na majembe, udongo mbichi bado kwenye makali. Mzee wa mbele, mrefu, ndevu chache nyeupe, alikuwa anapangusa mikono.

"Salaam alaikum, Mwalimu. Mmezika?"

"Alaikum salaam. Tumezika, alhamdulillahi."

Faridah alikaa pale pale kwenye gogo, na tope lote la siku mbili likawa zito mwilini kwa mara moja.

Mwalimu Yassine akamtazama. "Mama, tumezika karatasi. Ulikuwa na ndugu ndani ya sanduku?"

"Nilikuwa na kitabu, Mwalimu. Cha manjano. Dada yako Subira alikupa."

"Kile? Kile sikukizika."

Faridah aliinuka haraka hata Yves akadhani ameumwa na siafu.

"Kuzika ni kwa kilichochakaa," Mwalimu akaeleza kwa utulivu, kama anayefundisha darasa. "Kile nusu yake ni nzima. Nilikifungua nikaona si Qur'ani wala si hadithi, ni habari ya vyombo nisivyovijua. Lakini kila ukurasa niliofungua, neno ni lile lile: hifadhi, hifadhi, hifadhi. Nikasema, kitabu kinachoomba kuhifadhiwa mara mia mbili, Yassine ni nani hata akifukie?"

Aliingia ndani akatoka na furushi la kitambaa cheupe, alilolishusha kutoka juu ya dari ambako hakuna mkono wa mtoto unaofika. Faridah alinawa mikono kwanza. Alifungua kitambaa. Gamba la manjano! Akalifunua upande wa mbele, upande wa Kifaransa, na hapo furaha ikamkatika. Upande ule ndio uliolala juu ya saruji yenye maji. Kurasa zilikuwa zimeshikana kama kwanga, mkate wa muhogo, alizojaribu kuzibandua zikatoka vipande, na Kiingereza kilichofuata nacho kilikuwa tonge. Akakigeuza kitabu. Nyuma, Kiarabu kilikuwa safi, wino umekolea, picha zote zimekaa, kama kimetoka dukani jana.

Kiarabu Faridah alikisoma kwenye chuo cha Qur'ani akiwa mtoto. Herufi anazijua, maana hapana. Lakini picha alizijua. Hapa kaseti, hapa mdomo wa mashini, hapa kioo chenye maswali yale yale yaliyomtisha Aristote. Na katikati ya Kiarabu, maneno ya kuamuru mashini yalikuwa yameandikwa kwa herufi za Kizungu, kama yalivyo.

"Mwalimu, unakielewa?"

"Kukisoma ninakisoma. Kukielewa, mh. Nilisoma lugha miaka sita, lakini ilikuwa ya watu wenye haya. Hii ya mashini sijui."

"Wewe utakuwa na maneno, mie nitakuwa na picha. Tukiviweka pamoja?"

Akamwonyesha picha moja. Mwalimu akasoma, akakunja uso, akasema, "Utepe... uingizwe... uso wake juu." Faridah akapiga kofi moja, maana ndivyo hasa alivyofanya kila Ijumaa miaka yote ile.

"Twende Kasongo," akasema.

"Leo?"

"Sasa hivi. Jumamosi asubuhi watatia sahihi."

Mwalimu Yassine alitazama pikipiki, akatazama watu watatu, akatazama mawingu. "Nina sharti moja. Kitabu hiki kimekaa juu ya kichwa changu miaka minne. Kisishuke chini ya kiuno cha mtu."

Kwa hiyo Faridah akakifunga mgongoni kwa kitenge, kama mtoto mchanga, akapanda nyuma kabisa, Mwalimu katikati na kanzu ameipandisha magotini, Yves mbele anaomba Mungu kwa Kifaransa. Kwenye kijito cha magogo mawili Faridah na Mwalimu walishuka, wakavuka kwa miguu ndani ya maji yaliyofika kifuani, kitabu sasa kichwani. Wanawake waliokuwa wanaloweka mihogo ng'ambo wakamwona anakifunga tena mgongoni, wakacheka.

"Mama, katika umri huo, mutoto? Wa nani?"

"Wa Kasongo nzima," akajibu. "Elfu tisa."

Jumamosi saa mbili asubuhi waliingia. Uwanja wa nyumba ya uzazi ulikuwa umejaa. Papa Célestin alikuwa mezani, karatasi mbele yake, kalamu mkononi, na Aristote ameanza kufunga mkoba wake. Watu wakasikia pikipiki, wakapisha. Faridah alipita katikati yao, tope mpaka kwenye nyusi, kilemba kimelegea, mgongo umenyooka.

"Weka kalamu chini, Papa Célestin."

"Umekipata?"

"Nimekipata, na msomaji wake nimemleta."

Mwalimu Yassine alitia udhu, akaketi, kitabu juu ya mto. Aristote alimtazama kwa tabasamu la pembeni, lile la vijana. "Mwalimu, nisaidie kidogo tu. Mie nilikuwa nataka kuanza na kaseti namba moja. Ni vile kila mutu angefanya."

Mwalimu alifuata mistari kwa ncha ya kijiti. "Kinasema usianze na ya kwanza. Anza na ya mwisho, maana ndani yake kuna orodha ya zote. Na kabla ya kuiingiza, kuna kifungo kidogo ubavuni, kisukume. Usipokisukuma, mashini itaandika juu ya yaliyoandikwa."

Aristote akainua kaseti ya kwanza, akaigeuza. Kifungo kilikuwa kimeachwa wazi. Vyote tisa vilikuwa wazi. Tabasamu likamtoka, na jasho likaja mahali pake. "Mama Faridah," akasema polepole, "jana Papa Célestin aliniambia nijaribu bahati. Nilikuwa na hii mukononi. Sijui nini ilinizuia."

"Nilikuambia usiguse," Faridah akajibu. "Ndiyo ilikuzuia."

Toka hapo Aristote hakumwita Mwalimu ila kwa "tafadhali". Mmoja alisoma, mmoja alilinganisha picha, mmoja alibofya. Mara moja Mwalimu alikwama, akarudia neno moja mara tatu, akakuna ndevu. "Istirjaa," akasema. "Istirjaa... asili yake ni kurudi. Kurejea. Ni kurejesha! Kinasema, chagua kurejesha." Na pale kwenye kioo, mbele ya Aristote, palikuwa na vifungo viwili, kimoja cha kurejesha na kimoja cha kuanza upya. Akachagua.

Mashini ikaguna. Kaseti ikazunguka. Kioo kikabaki cheusi muda ambao mtu angeweza kumaliza sala fupi, na wengi waliisali, hawa kwa njia yao, wale kwa njia yao. Halafu namba zikaanza kupanda. Kumi. Mia mbili. Elfu moja. Ilipofika elfu tisa mia nne na nane, ikasimama.

"Wanne hawako," akasema Papa Célestin, ambaye alikuwa amesogea mpaka pua yake inakaribia kioo.

"Wanne walizaliwa kati ya Ijumaa na radi," Faridah akamjibu bila kugeuka. "Dieudonnée!"

Dieudonnée alitoa kichwa dirishani, mikono bado ina sabuni. Alifumba macho akawataja wanne wote, mama kwa mama, kilo kwa kilo, na yule mwenye alama ya dengu chini ya sikio. Faridah aliandika. Elfu tisa mia nne na kumi na wawili!

Hapo ndipo vigelegele vilipopanda mpaka njiwa wakaruka juu ya bati. Yves alitafuta majina yake manne, akayasoma kwa sauti, akaanza tena kuyasoma toka mwanzo. Mwanamke yule wa mchwa alipiga magoti mbele ya Faridah, akainuliwa kabla goti halijagusa ardhi. Bibi Subira aliletwa amekaa juu ya kiti, watu wawili wanambeba, akasema kwa kila aliyetaka kusikia kwamba bila mtandio wake pangekuwa na kilio leo, na hakuna aliyembishia, maana ni kweli. Papa Célestin alichana karatasi yake vipande vinne. Halafu akasimama mbele ya kamati na msururu wote, akavua kofia.

"Mama Faridah alisema yeye ndiye anajibu. Amejibu."

Faridah binti Abdallah hakulia. Aliomba maji, akanywa bakuli mbili, akamkalisha Mwalimu Yassine mahali penye kivuli na sahani ya wali. Halafu akamshika Dieudonnée mkono, akamwingiza ofisini, akafunga mlango ili kelele zipungue.

"Toka leo nina kazi ya kukupa," akasema. "Mwalimu anakaa siku tatu. Yeye atasoma, wewe utaandika kwa Kiswahili chetu, hatua kwa hatua, kwa mkono wako. Nakala tatu: moja hapa, moja Kabambare, moja kwake Wamaza."

"Mie, Yaya? Mikono yangu ni ya maji na damu. Kaa na Aristote."

"Aristote anarudi Kindu. Na kuandika si kazi yenyewe, kazi yenyewe ndiyo hii. Kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi utachukua kaseti moja, yoyote. Utachagua mutoto mumoja, yoyote. Utamutoa kwenye kaseti mpaka jina lake lisimame kwenye kioo, na utalisoma kwa sauti. Mie miaka yote hii niliangalia kaseti zinajaa, sikuuliza siku hata moja kama zinaweza kutoa. Hilo lilikuwa kosa langu, wala si la radi."

"Na jina likikataa kutoka?"

"Utaniita siku ile ile, si siku ya msiba. Wewe ndiye unaweza kazi hii, Dieudonnée. Unajua kwamba tumbo likivimba bado si mutoto. Mpaka umushike."

Dieudonnée alipangusa sabuni kwenye vazi lake, kiganja kimoja, halafu cha pili. Faridah akampisha kwenye kiti, akasogeza kaseti ya tano mbele yake.

"Sukuma kifungo kwanza," akamwambia. "Halafu nitolee mutoto."